Jina la mji wetu huko duniani lina mambo

Jaribu kitu kimoja siku una bando la kutosha na hakuna mtoto karibu. Andika neno tanga kwenye Google, tanga peke yake, usiweke Tanzania wala mkonge wala mapango ya Amboni, halafu bonyeza sehemu ya picha. Nimeshasema hakuna mtoto karibu eeh. Mi nilikuwa natafuta picha za zamani za stesheni yetu ya reli, nikaletewa chupi. Chupi za kila rangi, zile za kamba kamba, na bi mkubwa kakaa pembeni yangu anachambua mchele, akainua macho akauliza, "Mwanangu, hiyo Tanga ya wapi?"

Toka hapo nikapata ugonjwa wa kukusanya tanga za watu. Kila nikipata nafasi natafuta, hivi hili neno letu, herufi tano tu, t-a-n-g-a, wengine wanalitumia kwa lipi? Na nimekuta mengi mno, mengine ya kuchekesha, mengine yamenifanya nikae nifikiri, maana watu wetu tuna tabia moja, tukiona neno linafanana na letu basi palepale tunaunga udugu, tunatunga na kisa, na kisa kikishakuwa kitamu hakuna wa kukitoa tena.

Nianze na hiyo ya chupi maana tukubali tu ndo maarufu kuliko mji. Wareno, Wahispania, Wataliano, Wajerumani, wote hao ukiwaambia tanga kinachowajia kichwani ni nguo ya ndani ya kamba. Ila neno lenyewe si la Ulaya asilani. Kamusi kubwa ya Wahispania inasema wao walilipata kwa Wareno, na Wareno walilitoa kwenye Kimbundu, lugha ya watu wa upande wa Luanda kule Angola, ntanga, yaani kipande cha nguo cha kujifunga kiunoni. Likavuka bahari mpaka Brazil, nchi iliyopokea watu wengi sana waliotekwa kutoka Angola, na kule likawa jina la kitu chochote cha kusitiri mbele. Mpaka wachimbuaji wa mambo ya kale nao wakalitumia, kwenye kisiwa cha Marajó pale mto Amazon unapomwagikia baharini wamefukua vipande vya udongo wa kuchoma, vya pembe tatu, vimepakwa rangi na kuchorwa michoro mizuri kabisa, vilivyokuwa vazi la wanawake mamia ya miaka kabla Mreno hajafika, na vitu hivyo wanaviita tanga. Chupi ya udongo jamani. Halafu miaka ya 1970 fukwe za Rio de Janeiro zikaipunguza nguo ikabaki kamba na dunia nzima ikajua jina.

Sasa Kimbundu ni Kibantu kama Kiswahili chetu, na tanga la jahazi nalo ni nguo, kwa hiyo kwenye hii moja mtu asinishike akaniapisha kwamba ntanga yao na tanga letu hazijawahi kujuana. Naiweka kando. Hizi zingine ndo nina uhakika nazo.

Ufilipino, kwa mfano. Kuna jamaa yangu anafanya kazi bandarini, na mabaharia wengi wa meli kubwa duniani ni Wafilipino, hata hapa kwetu wanafika. Akanisimulia jinsi walivyoshuka vijana wa meli moja, wakaona mtu kapita na fulana imeandikwa TANGA kifuani kwa herufi kubwa, basi wakaanza kusukumana na kucheka, mmoja akamfuata yule mtu akamwomba kwa adabu kabisa wapige picha. Mwenye fulana akajiona staa. Kumbe kwa Kitagalog tanga ni mjinga, zuzu, mtu asiyejielewa. Ujinga wenyewe wanauita katangahan. Yaani huyo mzee wa watu kakaa kwenye picha anatabasamu na kifuani kaandikwa zuzu, na hiyo picha iko Manila huko inazunguka.

Lakini hapa ndo penye utamu. Mfilipino akilitamka hilo neno halitamki kama sisi. Wao wakiandika ng wanamaanisha ile yetu ya ng', ya ng'ombe na ng'ambo. Kwa hiyo ni tang'a, na sauti anaipandisha mwishoni. Ungemwambia mtu wa Ngamiani hapa mjini kwetu "tang'a" angekwambia hilo si jina la mji wangu. Ni maandishi tu yamewakutanisha. Herufi za Kirumi ni chache, zinavalishwa lugha ambazo hazikushonewa, na tofauti nyingi zinafia hapo kwenye kuandika.

Ukienda Kongo tena ni habari nyingine. Kwa Kilingala kotanga ni kusoma, mwalimu wa Kinshasa akisema tanga, watoto wanafungua vitabu. Tena kotanga hiyohiyo kwa maandishi inaweza kuwa kudondoka, kama maji au damu, ndo maana kumwaga machozi ni kotangisa. Ukishuka Zimbabwe, kwa Kishona kutanga ni kuanza. Fungua Biblia yao, Mwanzo sura ya kwanza mstari wa kwanza, neno la kwanza kabisa unalokutana nalo ni Pakutanga, hapo mwanzo. Mi nilivyoliona mara ya kwanza nilifurahi kama vile mji wetu umetajwa kwenye uumbaji.

Huko Papua New Guinea kuna visiwa vinaitwa Tanga, viko mashariki ya kisiwa cha New Ireland, na watu wake wana lugha yao. Mashabiki wa Coastal Union, timu yetu ya mpira, tutafute tawi.

Kuna mtu ataniambia haiwezekani neno moja litokee sehemu zote hizi bila sababu. Inawezekana, tena ni lazima. Fanya hesabu ya mtoto wa darasa la tano. Chukua neno la silabi mbili kama letu. Herufi ya kuanzia, tuseme una konsonanti kama 20 za kuchagua, halafu irabu 5, halafu konsonanti zingine 20 ukihesabu na hizi za kuungana kama mb na nd na ng, halafu irabu 5. Ishirini mara tano mara ishirini mara tano ni 10,000. Basi! Maneno ya umbo hilo hayazidi elfu kumi, na lugha duniani ni kama elfu saba, kila moja ina maelfu ya maneno ya kuyapa mahali. Zisipogongana ndo tungeuliza kuna nini.

Hata humu ndani ya Kiswahili chetu zinagongana. Kuna tanga la jahazi, la kutweka na kutua, nalo limetupa tangambili, kile kipindi pepo hazijaamua, kaskazi imechoka na kusi haijashika. Kuna kutanga, kutangatanga, kuzurura bila mpango, ambayo Wakenya wameigeuza jina la kundi la siasa. Halafu kuna matanga. Na kwenye matanga ndo naomba tukae kidogo.

Matanga kila mtu wa pwani anayajua. Mtu akifa watu wanalala pale, wanaume nje barazani na kwenye turubai, wanawake ndani kwenye mikeka, majirani wanapika, kahawa inazunguka, siku ya tatu inasomwa hitima, halafu tanga linaanuliwa na kila mtu anarudi kwake. Haya, sasa nenda mpaka New Zealand, mwisho wa dunia kabisa, kwa Wamaori. Mtu akifa kwao kuna kitu kinaitwa tangihanga, kwa kifupi tangi. Maiti inalazwa kwenye marae, ule uwanja na nyumba yao ya ukoo, mara nyingi siku kama tatu, watu wanatoka mbali wanakuja kulia, wanazungumza na marehemu kana kwamba anasikia, wanalala palepale kwenye ile nyumba kubwa, wakishazika wanakula karamu ndo mambo yanafungwa.

Tangi. Matanga. Watu wanalala msibani, siku tatu, chakula mwishoni. Mi nilivyosoma hivyo nywele zilisimama aisee. Ukimpa mtu habari hiyo saa mbili usiku barazani, mpaka kufika saa tatu ameshakutengenezea jahazi lililotoka Pangani na pepo za kaskazi likapotea likaibukia New Zealand.

Lakini hakuna jahazi. Kwanza ile tangi nayo ni tang'i, yenye ng ya ng'ombe. Pili, na hili ndo kubwa, hilo neno ndugu zake wanajulikana, wako wengi na wamejipanga njia nzima. Tangi maana yake ni kulia. Kimalei kilio ni tangis. Kitagalog, walewale wa zuzu, kilio ni tangis. Na jirani zetu wa Madagascar, ambao mababu zao walitokea visiwa vya huko Asia, kulia wanasema mitomany, ambalo ukilivua viambishi unalikuta ni neno hilohilo limechakaa kwa safari. Hawaii neno hilo limekuwa kani, yaani sauti au kupaza sauti. Utauliza kani na tangi wapi na wapi? Sasa hapo ndo penye raha yake, maana mabadiliko yana utaratibu. Penye t ya Wamaori, Mhawaii ana k. Penye ng, Mhawaii ana n. Mtu kwa Kimaori ni tangata, kwa Kihawaii ni kanaka. Mwiko ni tapu, kwa Kihawaii kapu. Kila ukigusa inaitika. Kwa hiyo tangi na kani ni ndugu wa tumbo moja ingawa hazifanani hata herufi ya kwanza, na matanga yetu na tangi ambazo zimefanana mpaka kwenye maana na mpaka kwenye mikeka ya kulalia, si lolote si chochote.

Ndugu wa kweli wa matanga wako hapahapa bara. Nenda Kinshasa uliza matanga, watakupeleka msibani, tena kwao siku hizi muziki mkubwa na viti vya kukodi.

Kisa cha pili kilichotaka kunipumbaza ni Japani. Kuna mji unaitwa Kitakyushu, na ndani yake eneo la Kokura kuna soko la zamani la chakula linaitwa Tanga. Soko la Tanga! Samaki, mboga, vibanda vimebanana, vingine vimejengwa vimeinamia juu ya mto. Mwaka 2022 liliungua mara mbili, Aprili na tena Agosti, ukiona picha unajisikia vibaya kama vile limeungua la kwetu. Nikasema ngoja nijue jina limetoka wapi. Kwa Kijapani linaandikwa kwa alama mbili za Kichina, moja ya asubuhi na moja ya kupita, na ni neno la watawa wa Kibudha. Mtawa anayesafiri kwa miguu akifika kwenye nyumba ya watawa jioni anapewa chumba cha wageni, analala, kukicha anaondoka. Hicho chumba ndo cha tanga. Anayekuja jioni, asubuhi hayupo.

Sasa we mtu wa Tanga umesoma hapo umenyamaza kwanza, maana unajua mji wetu unavyoitwa. Waja leo waondoka leo! Ndo jina letu la utani toka enzi za mababu, kila mtu na tafsiri yake, wengine wanasema ni kwa ajili ya wageni wa treni na majahazi, wengine wanasema ni kejeli kwa sababu mgeni akishaonja pilau na akapata mtu wa kumpepea haondoki tena. Na huku Mjapani naye tanga yake ni ya mtu wa kuja na kuondoka. Ongeza kutangatanga hapo. Vitatu vimepangana mstari mmoja kama vimetumwa.

Na bado si kitu. Alama za Kichina zina historia yake iliyoandikwa, zilitoka China na dini ya Kibudha, hazikupitia mtaa wetu wa Chumbageni. Ila nakiri hii ndo inaniuma zaidi kuiacha, mpaka leo nikiwa na wageni nawahadithia, naongezea tu mwisho kwamba ni bahati.

Wajapani hawaishii hapo. Ukienda mgahawani ukaagiza sushi, pembeni wanakuwekea vipande vyembamba vya rangi ya waridi, siki na sukari, vinaitwa gari. Ni tangawizi. Wakati huohuo ukifika Lagos au Accra ukaomba gari utaletewa unga wa muhogo uliokaangwa, unatia maji na sukari unakunywa, chakula cha wanafunzi. Na sisi gari letu, la kupanda, tumelipata kwa Wahindi, gari kwa Kihindi ni chombo cha magurudumu. Hapo udugu upo kweli na njia inaonekana, Wahindi wameuza na kununua kwenye hii pwani karne na karne, neno limekuja na chombo chenyewe.

Na Wahindi haohao wana tanga yao. Ni gari la farasi la magurudumu mawili, abiria wengine wanakaa wamempa mgongo dereva. Waingereza waliandika tonga, ila Mhindi mwenyewe anasema taanga, anaivuta na sauti inapitia puani kidogo. Watoto wa zamani wa mji huu waliokulia kwenye majumba ya sinema wameliona sana kwenye picha za Kihindi bila kujua linaitwaje.

Hapa huwa nawaza habari ya Novemba 1914. Waingereza walileta hapa jeshi la watu kama 8,000, wengi wao askari kutoka India, kuja kumtoa Mjerumani. Von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000 tu, na bado akawapiga, nyuki nao wakaingia vitani wakatembeza miiba bila kuuliza nani wa upande gani, mpaka wengine wanaviita vita vya nyuki. Hebu fikiria askari katoka Kashmir au Gwalior, kakaa melini wiki na wiki, anatapika, anauliza tunapelekwa wapi, anaambiwa Tanga. Kwake hilo ni gari la farasi. Na ajabu ni kwamba gari lilibaki kwenye lugha yetu, tanga yao haikubaki. Neno halishiki mahali kwa sababu limefanana na la wenyeji, linashika pale watu wanapokuwa na kazi nalo.

Tukija kwenye hela ndo nilijifunza kutoamini macho kabisa. Huko Asia ya kati, Uzbekistan, tanga ni sarafu. Tajikistan walipotoa rubo yao mwaka 1995 iligawanywa kwa tanga mia moja, ingawa sarafu zenyewe hazikutengenezwa. Wareno waliokuwa Goa nao walikuwa na tanga, kumi na sita zilifanya rupia moja, mpaka 1958 walipobadilisha hela. Na kumbuka Mombasa ya Fort Jesus ilikuwa inatawaliwa kutokea Goa, kwa hiyo kwenye madaftari ya Mreno pale ngomeni kulikuwa na tanga ya fedha, na nje pale bandarini kulikuwa na tanga la jahazi, mlango mmoja unazitenganisha na hakuna aliyemjua mwenzake.

Hiyo ya hela asili yake inaelezwa ni Kisanskriti, tanka. Masultani wa Delhi walipiga sarafu ya fedha kwa jina hilo toka karne ya 13. Kutoka hapo watoto wake wamesambaa huku na huku na kila mmoja kabadilisha sura. Kazakhstan hela yao ni tenge, waliianza Novemba 1993. Bangladesh ni taka, na hapa usicheke, ni taka kweli, mtu anakulipa mshahara wa taka elfu arobaini na unashukuru. Warusi, kupitia kwa Waturuki na Watatari, wakawa na denga, na leo hela kwa Kirusi ni dengi. Dengi! Sisi dengi ni homa ya mbu inayovunja mifupa, wao ndo wanaitafuta usiku na mchana.

Kwa hiyo angalia mwenyewe. Tenge, taka na dengi ni familia moja. Tanga ya Goa na Tanga yetu hii ya barabara ya ishirini, ambazo ni herufi kwa herufi, si familia. Macho yanasema hivi, historia inasema vile.

Halafu kuna udugu mwingine umejificha hapahapa mjini tunaupita kila siku. Raskazone. Ile ras ni Kiarabu, kichwa, ndo sisi tukapata rasi, nchi iliyochomoza baharini. Kihabeshi na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja, na Kihabeshi nacho kichwa ni ras, wakaifanya cheo cha wakubwa. Mmoja wa hao wakubwa alikuwa Ras Tafari, ambaye mwaka 1930 alivikwa taji akaitwa Haile Selassie, na huko Jamaica watu wakachukua jina lake la zamani wakaanzisha imani. Kwa hiyo Rasta na Raskazone ni mtu na binamu yake, kweli kabisa bila kuunga unga. Vijana wenye dredi wanaoshinda ufukweni kule Raskazone wako kwa jamaa zao.

Ila ukisimama hapohapo ukaangalia kile kisiwa mbele ya bandari, Toten, chenye magofu ya misikiti na makaburi, rudi kwenye utapeli wa macho. Toten ni Kijerumani, wafu, kisiwa cha wafu. Sisi tukitamka tunaongeza i, Toteni. Na kutota kwa Kiswahili ni kuzama. Nahodha anapeleka watalii kisiwani, wanamuuliza tunaenda wapi, anawajibu toteni. Mi nisingepanda.

Nimebakiza moja na hii ina wenyewe. Mjomba wangu, mtu wa Tanga wa kuzaliwa na wa kufia, ana hoja yake ambayo ameibeba miaka yote: nchi nzima ilipewa jina la mji wetu. Tanga na nyika. Wazungu walishuka Tanga, wakaona nyuma yake nyika, wakasema Tanganyika, basi. Na si yeye peke yake, utalikuta hilo limeandikwa sehemu nyingi na watu wenye heshima zao.

Nikamwandikia kwenye grupu la WhatsApp la familia, kwa adabu maana ni mjomba. Shikamoo mjomba. Waingereza waliipa nchi jina Tanganyika mwaka 1920, baada ya kumnyang'anya Mjerumani, na walilitoa kwenye ziwa. Ziwa lilikuwa linaitwa hivyo zamani, Burton na Speke walifika pale Februari 1858 wakalikuta na jina lake, na Burton akaandika maelezo aliyoyapata, kwamba linatokana na kutanganyika, ambayo ni sawa na kuchanganyika, mahali maji yanapokutana. Na ziwa liko Ujiji huko, mwisho wa nchi upande wa pili, wala halina habari na sisi. Kama ni ndugu basi mtafute kwenye kutangamana na kwenye ule mtangamano wa Afrika Mashariki tunaousikia kwenye taarifa ya habari.

Grupu zima kimya. Baadaye ikaingia sauti yake, dakika tatu na kitu, anaanza na kikohozi. Ziwa nalo jina lilitoa wapi? Misafara ya ndani ilitokea wapi kama si pwani? Burton alikuwa mgeni, kaambiwa na nani? Halafu akaniuliza mimi na hizo lugha zangu za kwenye simu, huko kote nilikozunguka sijakuta hata watu wa lugha moja wenye kuelewa Tanga na nyika?

Nikasema mjomba wapo, Washona wa Zimbabwe. Kwao nyika ni nchi, na tanga ni anza. Tanga nyika kwa Kishona ni kama kusema anzisha nchi.

Ikaja sauti nyingine, hii fupi. "Haya si ndo hivyo. Nchi imeanzia Tanga. Mpaka Zimbabwe wanajua."